Kongo na Mbio Fupi: Jibu

Mwandishi aliyedai kwamba Kongo haikujaaliwa mbio fupi, na kwamba vijana wa Musumba na Kolwezi watosheke na kandanda, ameghafilika na habari za Gary Kikaya, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye Septemba 2006, mjini Stuttgart, alizimaliza mita 400 kwa sekunde 44.10, akaifuta rekodi ya Afrika iliyosimama tangu 1987, nyuma kidogo tu ya Jeremy Wariner, bingwa wa Olimpiki. Naam, ufundi aliunoa katika chuo kikuu cha Tennessee, Marekani. Lakini hoja hiyo yathibitisha upungufu wa viwanja vyetu, wala si wa miguu. Hapa vijana hukimbia peku katika vumbi jekundu, ilhali malori ya shaba yapita usiku na mchana. Awahukumuye, na adai kwanza wajengewe uwanja.