Ruta ya Nyumbani Nayo ni Amana



Mtandao wa nyumba ukiingiliwa, lawama ni ya nani? Tutazame tukio la mwaka 2018.

Kampuni ya MikroTik ya Latvia hutengeneza ruta, vifaa vinavyogawa intaneti majumbani na maofisini. Fundi huweza kuziendesha akiwa mbali kwa programu iitwayo Winbox. Mwaka ule ilibainika kasoro: aliyeifikia ruta kupitia huduma hiyo aliweza kusoma mafaili yake bila ya kuulizwa neno la siri, likiwemo faili lenye maneno ya siri ya wasimamizi. Akishayapata hayo, ruta imekuwa yake.

Mwezi wa Aprili kampuni ikatoa sasisho la kuziba kasoro hiyo. Mwezi wa Agosti watafiti wakakuta ruta zaidi ya 170,000 zimetekwa, nyingi zikiwa Brazili. Watu wakifungua kurasa kama kawaida, kumbe kompyuta zao zinamchimbia mhalifu sarafu za kidijitali. Dawa ilikuwepo kwa miezi mitatu na zaidi, lakini haikutiwa.

Mhalifu ana dhambi yake. Suratu Nnur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini, na Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupeleleza. Lakini hesabu haiishii kwake. Mafakihi wamesema aliyewekewa amana halipi kikipotea bila ya kosa lake, akizembea, analipa. Kwa kipimo hicho, kasoro isiyojulikana ni udhuru. Kasoro iliyotangazwa, na dawa yake ikatolewa bure, si udhuru kwa aliyekabidhiwa kazi ya kuitunza.

Baba wa nyumba si fundi, wala hatutaki awe fundi. Wajibu wake ni kumuuliza anayejua. Ewe ndugu yangu, muulize fundi wako mambo matatu: Je, ruta ina sasisho la karibuni? Je, neno la siri limebadilishwa? Maana sasisho huziba tundu, lakini neno lililokwisha kuibiwa bado linafungua. Je, huduma ya kuiendesha kutoka nje imefungwa, kama haina haja?

Kwenye kifaa hicho hupita mazungumzo ya wake zetu, masomo ya watoto na fedha za familia. Msimamizi wa mtandao wa madrasa ana mzigo mkubwa zaidi, kwani watoto aliowabeba ni wa watu.

Wallahu aalam.