Sayansi ya Wanyama Si Kozi ya Waliokosa Udaktari

Wanachuo wenzangu, zipo kozi ambazo ukizitaja tu watu wanaanza kucheka. Sayansi ya Wanyama ni mojawapo. "Yaani miaka mitatu unasomea kuchunga ng'ombe?" Mimi nasomea ualimu, lakini nimezaliwa Same, na naona utani huu unatugharimu.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Daktari wa mifugo na mtaalamu wa sayansi ya wanyama ni watu wawili tofauti. Pale SUA, Morogoro, udaktari wa mifugo ni miaka 5, Sayansi ya Wanyama ni 3. Daktari anaitwa mnyama akiugua. Huyu mwingine anashughulika na maisha yote ya mnyama: ale nini, apandishwe na dume gani, alale wapi, na maziwa yake yafike vipi sokoni.

Sasa njoo kwetu. Juu milimani, Mbaga au Chome, ng'ombe wa maziwa anafugwa bandani na kukatiwa majani. Chini tambarare, Ruvu na Makanya, mifugo inahama kutafuta malisho na maji. Pembeni ipo Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, na huko huruhusiwi kuingiza ng'ombe. Ardhi haiongezeki, na ukame haupigi hodi. Ule wa 2009 uliua mifugo mingi sana kaskazini mwa nchi. Wapo waliobaki na fimbo tu mkononi.

Ng'ombe wengi wakati wa ukame huuawa na njaa, na njaa ina maandalizi yake. Majani yakatwe wakati wa masika, yakaushwe vizuri, yafungwe marobota. Mabua ya mahindi peke yake hayana protini ya kutosha, lazima yaongezewe kitu, na kwa kipimo. Halafu kuna mbegu. Ukimpandisha ng'ombe mdogo wa kienyeji kwa mbegu ya Friesian, ndama anaweza kuwa mkubwa akashindwa kutoka. Akitoka salama, huyo chotara ndigana kali itamsumbua kuliko mama yake. Hapo unahitaji mtu aliyesoma jenetiki na lishe akaelewa, si aliyekariri apite mtihani.

"Sawa, ajira je?" Swali la haki, maana Bodi ya Mikopo itakudai tu. Ukweli ni kwamba nafasi za ofisa mifugo serikalini haziwatoshi wahitimu wote. Anayesoma akisubiri tangazo la ajira tu atasubiri sana. Lakini kozi hii ina milango mingine: viwanda vya vyakula vya mifugo, uhimilishaji, utafiti TALIRI, ranchi, usindikaji wa maziwa kama wanavyofanya Tanga Fresh, na ufugaji wako mwenyewe. Mingi ya milango hiyo inataka mtu anayejua kazi kwa mikono. Ndiyo maana fildi ya wiki chache, ambayo mwanafunzi anashinda ofisini akipanga mafaili, ni kumdhulumu. Serikali ya wanafunzi ilibebe hili: fildi iwe ndefu, na ifanyike bandani na malishoni.

Na sisi wa ualimu tuna sehemu yetu. Tukienda BTP tunakutana na vijana wa PCB na CBG ambao hakuna aliyewaeleza kozi hii ni nini. Wengi wanaijaza kama akiba, chini kabisa ya fomu, wakikosa udaktari ndipo wanaikumbuka. Mtu akiingia darasani na kinyongo, hata somo zuri litamshinda. Basi tuwaeleze mapema, pamoja na ugumu wake, ili anayeipenda aiweke namba moja na asiyeipenda amwachie mwenzake nafasi.

Wafugaji wa Same wanamhitaji huyo aliyeiweka namba moja.