Bunduki za kale za risasi ndogo: Urithi unaoisumbua sheria

WAKATI mataifa mengi yakiendelea kukaza sheria za umiliki wa silaha, lipo kundi moja la wamiliki ambalo limejikuta katikati ya mjadala lisiouanzisha. Hao ni wakusanyaji wa bunduki za kale za risasi ndogo, zile za kipenyo cha .22, pamoja na darubini za kulengea shabaha zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Kwa mtazamo wa haraka, suala hili laweza kuonekana dogo. Bunduki hizi si za vita, na nyingi ziliundwa kwa ajili ya kutoboa karatasi yenye duara jeusi umbali wa mita 50. Hata hivyo, ndizo zinazoibua swali gumu kuliko yote katika sheria za silaha: ni lini bunduki huacha kuwa silaha na kuwa kumbukumbu ya historia, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Ili kulielewa swali hilo, yafaa kwanza kuitazama risasi yenyewe. Asili yake ni Ufaransa, ambako mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert alibuni risasi ndogo ya kuchezea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ya risasi fupi ya .22, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens, pia ya Marekani, ikatoa risasi ndefu zaidi ijulikanayo kama .22 Long Rifle.

Katika risasi hiyo, kemikali inayowasha baruti haikuwekwa katikati ya kitako cha ganda, bali imeenezwa katika ukingo wake. Pini ya bunduki huuponda ukingo huo, na risasi ya takriban gramu 2.6 hutoka. Ni rahisi kuitengeneza, bei yake ni nafuu, kishindo chake ni kidogo na haimsukumi mpigaji begani. Kwa sababu hizo imedumu kwa zaidi ya miaka 130, na hadi leo inauzwa kwa wingi duniani.

Kuenea kwa bunduki zake nchini Uingereza kulitokana na aibu ya kivita. Vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902 viliwadhihirishia Waingereza kwamba askari wao wengi hawakujua kulenga shabaha kama wapinzani wao waliokulia mashambani. Jemadari Lord Roberts akawa miongoni mwa waliohimiza raia wa kawaida wafundishwe kupiga shabaha, na mwaka 1901 kikaundwa chama cha vilabu vya wafanyakazi kwa madhumuni hayo. Chama hicho kipo hadi leo kwa jina la National Small-bore Rifle Association, alilolipata mwaka 1947.

Vilabu vilihitaji bunduki, na kiwanda cha BSA cha Birmingham kikaitikia mwito. Kilichukua mtambo wa Martini, ambao jeshi la Uingereza lilikuwa limeukubali mwaka 1871 katika bunduki ya Martini-Henry, kikaupunguza ukubwa na kuufanya utumie risasi ndogo. Mpigaji huvuta wenzo ulio chini ya bunduki, kipande cha chuma hushuka, naye hupachika risasi moja kwa mkono. Kwa namna hiyo, mtambo ule ule uliotumika kupanua himaya ukaishia katika kumbi za vilabu vya wachimba makaa na makarani wa posta. Mwaka 1908, michezo ya Olimpiki ilipofanyika London, mashindano ya bunduki za risasi ndogo yalikuwamo katika ratiba.

Nchini Marekani, kampuni ya Winchester ilionyesha bunduki yake ya Model 52 mwaka 1919, na haikuacha kuitengeneza hadi mwaka 1980. Kwa wakusanyaji wengi, hiyo ndiyo kilele cha ufundi wa bunduki za .22. Herufi iliyogongwa baada ya namba yake humweleza mjuzi ni toleo gani analolishika, jambo linaloweza kubadilisha thamani yake kwa kiasi kikubwa.

Sambamba na bunduki hizo zilikuja darubini. J. W. Fecker na John Unertl, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyewahi kufanya kazi kwa Fecker, walitengeneza darubini ndefu na nyembamba zinazokaribia urefu wa mtutu. Tofauti na darubini za siku hizi, ambazo hurekebishwa kwa vifaa vilivyo ndani, zile za Unertl husogezwa zenyewe, nzima, kwa skrubu za vipimo vidogo mno zilizo katika vishikizo vya nje. Uimara wake uliwavutia hata wanajeshi wa majini wa Marekani, walioitumia darubini ya Unertl katika Vita Kuu ya Pili.

Wakusanyaji hawavutiwi na umri pekee. Huangalia kama rangi ya chuma ni ile ya kiwandani, kwani bunduki iliyopakwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Huchungulia pia ndani ya mtutu. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, fataki za risasi ziliacha chumvi iliyokula chuma, na mitutu mingi ya zama hizo iliharibika kwa kuachwa usiku mmoja tu bila kusafishwa. Bunduki ya mwaka 1910 yenye mtutu unaong'aa ni ushahidi kwamba kulikuwa na mtu aliyeitunza kila siku aliyoitumia.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Uchunguzi wa sheria za nchi kadhaa unaonyesha kwamba ziko njia tatu za kupima ukale wa bunduki, na kila moja ina kasoro yake.

Njia ya kwanza ni kuhesabu miaka. Chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale, na haiguswi na masharti mengi yanayohusu silaha za kisasa. Silaha iliyotimiza miaka 50 huku ikiwa katika hali yake ya asili huingia katika kundi jingine, ambalo mkusanyaji mwenye leseni maalumu anaruhusiwa kulinunua hata kutoka jimbo jingine.

Kipimo hicho ni chepesi kukitumia, lakini hakijali bunduki inaweza kufanya nini. Bunduki ya .22 ya mwaka 1895 hupokea risasi iliyonunuliwa dukani leo asubuhi. Tena, kabla ya sheria hiyo ya mwaka 1968, watengenezaji wa Marekani hawakulazimika kugonga namba katika bunduki za .22, na nyingi za bei nafuu ziliingia sokoni bila utambulisho wowote. Polisi anayeikamata bunduki ya aina hiyo hana pa kuanzia katika kutafuta ilikotoka.

Njia ya pili ni kuitazama risasi. Kanuni za Uingereza zilizoanza kutumika Machi 2021 zinataka bunduki ya kale iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, na pia itumie risasi ambayo imo katika orodha ya zile zilizopitwa na wakati. Kanuni hizo ziliondoa katika orodha aina saba za risasi za bastola, baada ya polisi kubaini kwamba bastola za karne ya 19 zilikuwa zikitumiwa na wahalifu waliojitengenezea risasi zake.

Mantiki ya Waingereza haina dosari kwa upande wa usalama, ila matokeo yake kwa bunduki ndogo ni ya kushangaza. Kwa kuwa risasi ya .22 haijawahi kuacha kutengenezwa, BSA Martini iliyotimiza miaka 110 ni silaha ya kisasa mbele ya sheria, na mmiliki wake anahitaji cheti cha polisi chenye sababu ya msingi ya kuimiliki. Wakati huo huo, bunduki kubwa ya vita ya zama hizo hizo, ambayo risasi yake haitengenezwi tena, yaweza kutundikwa ukutani bila cheti.

Njia ya tatu ni kumtazama mtu. Nchini Ujerumani, mkusanyaji huweza kupewa kibali cha pekee, maarufu kwa rangi yake nyekundu, endapo ataonyesha kwamba mkusanyiko wake una mada maalumu na umuhimu wa kihistoria na kiutamaduni. Hatakiwi kununua kila anachokiona, bali anatakiwa kuwa mwanafunzi wa jambo moja. Njia hii inamjenga mkusanyaji mwenye elimu, lakini inamfungia mlango kijana anayetaka kuanza na bunduki moja ya babu yake.

Wanaotetea bunduki hizi husisitiza kwamba ni za michezo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na baadhi ya serikali zimeizingatia. Uingereza ilipopiga marufuku bunduki zinazojipakia zenyewe mwaka 1988, iliziacha zile za .22. New Zealand nayo, baada ya mauaji ya watu 51 mjini Christchurch mwaka 2019, iliruhusu zile zisizobeba zaidi ya risasi 10.

Hata hivyo, si wote waliokubali. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, ilizijumuisha hata bunduki ndogo zinazojipakia zenyewe katika marufuku yake, na takriban silaha 650,000 zikanunuliwa na serikali na kuharibiwa. Ikumbukwe pia kwamba Robert Kennedy aliuawa mwaka 1968 kwa bastola ya .22, na Rais Ronald Reagan alijeruhiwa mwaka 1981 kwa bastola ya kipenyo hicho hicho. Udogo wa risasi si kinga ya uhai wa mtu, na mkusanyaji anayeiita bunduki yake kichezeo anaidhoofisha hoja yake mwenyewe.

Baadhi ya nchi zimeona ufumbuzi ni kuziua bunduki hizo zibaki maumbo matupu. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni kali za aina hiyo zilizoanza kutumika Aprili 2016, miezi michache baada ya mashambulizi ya Paris ya mwaka 2015. Sehemu muhimu hukatwa na kuchomelewa ili zisifufuliwe tena. Jamii hupata usalama, lakini thamani ya bunduki ya shabaha imo ndani ya mtutu na katika ulaini wa kifyatulio chake. Vitu hivyo viwili vikishaharibiwa, kinachobaki ni ganda.

Katika ubishi huu wote, jambo linalopewa uzito mdogo ni kifo cha mmiliki. Cheti cha silaha hakirithiwi. Mkusanyaji wa Uingereza anapofariki dunia, wasimamizi wa mirathi hulazimika kupata kibali cha muda kutoka polisi au kuzikabidhi bunduki kwa muuzaji mwenye leseni. Mjane asiyejua tofauti ya Martini ya kawaida na ile adimu huona njia fupi ni kuzisalimisha zote. Chache zenye umuhimu huweza kuokolewa na majumba ya makumbusho, na zilizobaki huyeyushwa.

Darubini nayo huenda njia yake. Kwa kuwa darubini ya kawaida haihitaji leseni Uingereza, wala chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani, hung'olewa na kuuzwa peke yake. Unertl iliyo katika hali nzuri huweza kufikia au kuzidi bei ya bunduki iliyokuwa imeibeba. Hivyo vitu viwili vilivyokaa pamoja nusu karne hutenganishwa kwa siku moja, na historia yao hukatika.

Kwa Afrika Mashariki, mjadala huu una sura nyingine. Hapa tatizo kubwa ni silaha haramu zinazovuka mipaka, na ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ilizitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzitia alama silaha na kutunza kumbukumbu zake. Mwaka 2016 Kenya iliteketeza kwa moto zaidi ya silaha 5,000 huko Ngong. Katika mazingira hayo, si rahisi kumshawishi mwananchi kwamba bunduki ina urithi wowote wa kulindwa.

Lakini hitaji la Nairobi la alama na kumbukumbu ndilo linalokosekana katika njia zote tatu zilizotajwa. Mwaka wa kutengenezwa hautoshi, na aina ya risasi haitoshi. Bunduki inayojulikana namba yake, mmiliki wake, mahali inapofungiwa na atakayeipokea mmiliki akifa, ni hatari ndogo kwa jamii hata kama inafyatua. Ile isiyojulikana ni hatari hata kama ina miaka mia.

Wakusanyaji, kwa bahati nzuri, ni watu wa daftari. Wanaandika herufi, tarehe na majina ya waliotangulia kumiliki. Endapo serikali zitazitumia kumbukumbu hizo badala ya kuzipuuza, na wakusanyaji wakakubali kuziweka wazi mbele ya polisi na kuandika wosia mapema, usalama na historia vitaweza kukaa chini ya paa moja. La sivyo, kizazi kilichozitunza bunduki hizi kitaondoka nazo, na uamuzi kuhusu kipi ni urithi utabaki kwa mwendesha tanuru.