Samaki wa jokofu: Barafu kwanza, karafuu baadaye

Mfanyabiashara wa samaki anayeshawishiwa kununua vihifadhi vya asili, yaani mafuta ya karafuu, maji ya ndimu au dondoo za tangawizi, hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: samaki wake wamekaa katika nyuzijoto ngapi tangu walipotoka majini?

Swali hilo ndilo linaloamua faida. Samaki anayedumu siku 12 akiwa kwenye barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi 0 za Sentigredi, huharibika kwa kasi zaidi ya mara mbili akiwekwa kwenye nyuzi 5. Hapo hubakiwa na siku kama tano tu. Kwenye nyuzi 10 siku hizo hushuka hadi tatu. Majokofu mengi yanayofunguliwa kila mara hayafiki nyuzi 0.

Wanaomharibu ni bakteria wanaostahimili baridi, hasa wa jamii ya Pseudomonas na Shewanella. Baridi huwapunguza kasi lakini haiwaui. Samaki wa baharini hutoa ile harufu kali kwa sababu bakteria wa aina hiyo hubadili kemikali iliyomo katika nyama yake.

Ni kweli kwamba karafuu, zao ambalo Zanzibar inalijua vizuri, ina eujenoli, kemikali inayozuia bakteria. Hata hivyo, bakteria waliotajwa wana utando wa nje unaowakinga. Ili dawa ifanye kazi sawasawa, kipimo huongezwa, na kipimo kikiongezeka samaki hunukia karafuu. Mnunuzi wa minofu hatakubali bidhaa hiyo kwa bei ya samaki mbichi.

Aidha, hakuna kihifadhi kinachomrudisha samaki aliyekwisha kuharibika. Jodari na vibua wakichelewa kupata barafu hujengeka histamini, sumu isiyoondolewa na ndimu wala moto wa jikoni. Harufu nzuri katika hali hiyo ni hatari, kwa kuwa humficha mlaji ukweli.

Soko la nje nalo halidanganyiki kwa harufu. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji mwanzoni mwa 1998, hoja ilikuwa kipindupindu na usafi. Waliopata hasara ni pamoja na wavuvi na wachuuzi wa mialoni ambao hawakuwahi kuona ofisi ya Ulaya.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo aanze na barafu safi ya kutosha, sanduku lisilopitisha joto, kipima joto, na kuondoa utumbo na mashavu mapema kwa maji safi. Hayo yakitimia, kihifadhi cha asili chaweza kuongeza siku chache, na siku hizo zina bei. Yasipotimia, fedha ya karafuu itakuwa imeoza pamoja na samaki.