KONA YA FAMILIA: Ngurumo za wikendi na theluji ya mlimani



Msimu wa mvua huku magharibi mwa Uganda ni Machi hadi Mei, halafu tena Septemba hadi Novemba. Redio ikitangaza kwamba Jumamosi na Jumapili kutakuwa na ngurumo kali, na theluji juu ya Ruwenzori, wengi wetu tunasikiliza mvua kwa ajili ya maharage, theluji tunauachia mlima. Mwezi huu tunaomba tusikilize yote mawili, maana theluji na radi ni watoto wa mawingu yale yale.

Tuanze na mlima. Kila unapopanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6. Huku chini, kwenye mita 1,200 hivi, mchana tunaweza kupata nyuzi 27. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Pigeni hesabu na watoto: huko juu zinabaki nyuzi kama 4 mchana, na usiku inashuka chini ya sifuri. Kwa hiyo mvua inayotulowesha sisi, kule inaanguka ikiwa theluji. Waliotoka Beni na Mutwanga wanaujua vizuri mlima huo, kwa upande wa pili.

Sasa wingu la radi. Asubuhi jua linachoma ardhi, hewa yenye unyevu inapanda. Ikifika alasiri wingu limeshakuwa refu, kilomita 10 kwenda juu na zaidi, yaani kupita Margherita mara mbili. Huko ndani kuna baridi kali na matone yanageuka barafu. Vipande vya barafu vinagongana, vinasuguana, na umeme unajikusanya. Ukizidi, unaruka. Hiyo ndiyo radi. Hakuna mtu aliyeituma.

Tunasema hivyo kwa sababu tunajua maneno yanayosemwa kwenye bomba la maji radi ikipiga nyumba ya mtu. Anatafutwa bibi fulani, mjane asiye na mtoto wa kumtetea, anaambiwa ni yeye. Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu ya radi za dunia nzima, zilizoonwa na setilaiti kwa miaka 16. Kabare, kule Kivu Kusini, ilikuwa ya kwanza Afrika na ya pili duniani, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kabare ilipata zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Wachawi wa kufanya kazi yote hiyo wangetoka wapi? Ni ziwa lenye unyevu na milima inayousukuma juu. Tuwaache mama zetu wazee wakae kwa amani.

Lakini radi yenyewe tuiogope. Tarehe 2 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, ilipiga kambi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda. Watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada, mvua ikaanza jioni. Walikufa 14, wengi wao watoto, na 34 wakaumia. Wale walikuwa wakimbizi kama sisi, wikendi kama zetu za mpira na kwaya.

Basi tufanye hivi:

Ukisikia ngurumo, hata kama mvua haijaanza, mpira usimame. Hesabu toka mmweko mpaka mlio: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa 30, radi iko kilomita 10, na inaweza kukufikia.

Usikimbilie chini ya mti, wala kibanda cha nguzo na bati, wala shitingi. Toka shambani, mtoni, na mbali na seng'enge na minara.

Mahali pazuri ni jengo kubwa la matofali lenye kuta pande zote, zaidi kama limewekewa kinga ya radi, au gari la bodi ya chuma lililofungwa vioo. Tuseme wazi: nyumba zetu za udongo na shitingi hazizuii radi. Kama uko mbali na jengo zuri, kaa ndani, katikati ya nyumba, usiegemee ukuta wala nguzo, usishike waya wa sola. Watoto wasijazane sehemu moja.

Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshike, usimwogope. Kama hapumui, anayejua ampulizie hewa mdomoni na kumkandamiza kifua, wengine wakimbilie kituo cha afya.

Kazi ya nyumbani kwa mwezi huu: Ijumaa jioni, kabla ya watoto kulala, kila familia ikubaliane jengo gani watakimbilia kama wako uwanjani, kanisani, msikitini au kisimani. Viongozi wa kwaya na makocha wa timu, na ninyi chagueni lenu, na ufunguo ujulikane uko kwa nani.

Tukutane mwezi ujao. Mungu atulindie watoto.