Kwenda kuona Daraja la Mungu si anasa



Nina dukuduku langu kuhusu utalii wa sisi wananchi wa kawaida, hasa walimu.

Wakati wa likizo nilifunga safari kutoka Mbozi kwenda Rungwe kuliona Daraja la Mungu, yaani lile daraja la mwamba lililojiunda lenyewe juu ya Mto Kiwira. Ndani ya basi la Tukuyu mama mmoja mtu mzima aliniuliza kama ninakwenda msibani. Nikamjibu, "Hapana, mama, ninakwenda kuona jiwe." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, kwenu hakuna mawe?" Abiria wakacheka, nami nikacheka.

Mama yule hana kosa. Tumezoea kusafiri kwa msiba, harusi au kuuguza. Kutembea ili kuiona nchi tumewaachia wageni, na mwalimu akifanya hivyo huonekana ana fedha za kuchezea.

Lakini nilipofika pale nilitahayari. Kwa zaidi ya miaka kumi nimefundisha volkeno kwa kuchora ubaoni mlima uliochongoka, na moshi juu yake. Watoto hunakili, somo likaisha. Sikupata kuwaambia kwamba zaha, ule uji wa mawe ya moto, huweza kutiririka bondeni mbali na mlima ulikotoka. Pale Kiwira mwamba umejipinda kama tao, na maji yanapita chini yake kwa kishindo. Wataalamu hueleza kwamba zaha ilipoa juu ikawa gamba gumu, huku ya chini ikiwa bado moto na inakwenda, ikaacha uwazi ambao mto uliupata kuwa njia. Maneno "kupoa na kuganda" niliyakariri chuoni nikafaulu mtihani. Maana yake nimeielewa juzi, kiganja changu kikiwa juu ya jiwe lenyewe.

Shule ilipofunguliwa niliwasimulia darasa la tano. Mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa tuandike Mungu au volkeno?" Nilimwambia jina limetokana na kuwa hakuna fundi aliyelijenga, na volkeno ndiyo habari ya namna lilivyotokea, kwa hiyo aandike yote mawili. Kama msahihishaji atampa maksi, hilo sijui.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikwisha kutuonya dhidi ya kudhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Kwa hiyo nawaomba wahusika wa vyuo vya ualimu wahakikishe kwamba hakuna mwanachuo anayehitimu kabla ya kupelekwa kuona kwa macho angalau sehemu moja ya aina hii. Tena penye sehemu kama hizo pawe na maelezo ya Kiswahili anachokielewa mtoto wa darasa la tano.

Najua wapo watakaosema shule hazina madawati, za safari zitatoka wapi? Ni kweli, hata darasani kwangu wapo wanaokaa watatu watatu. Lakini si kila safari inataka basi. Wenzetu wa Rungwe wana mlima wenyewe, wana Ziwa Ngozi lililo ndani ya kreta, wana Kijungu kwenye mto huo huo wa Kiwira. Sisi wa Mbozi tuna Kimondo, ambacho si cha volkeno bali kilianguka kutoka angani, na wanafunzi wangu wengi hawajakiona ila kwenye picha.

Muhula ujao nakusudia kuwapeleka kwa miguu. Wazazi wamekwisha niuliza kama huko kuna mtihani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbozi.