NDOO MBILI, MIZANI MOJA



Kila wiki sisi wa Kaloleni, Umoja na Buruburu twatia taka zetu katika gunia moja: maganda ya ndizi, ugali uliolala, chupa za plastiki, karatasi na mikebe. Twawalipa vijana wa mkokoteni, twaenda kazini, twadhani mambo yamekwisha. Kwa ndugu yetu wa Dandora, hapo ndipo kazi inapoanza.

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 katika machimbo ya mawe. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori yaliendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za watoto 328 wa sehemu hiyo waliopimwa damu: karibu nusu yao walikuwa na risasi kupita kiasi. Mahali kama hapo watu huchambua taka zetu kwa mikono.

Tufanye hesabu. Chupa safi ina bei. Chupa iliyopakwa mafuta na mchuzi hupunguziwa bei, au hukataliwa kabisa. Basi tunapochanganya taka, twapunguza mshahara wa mfanyakazi mwenzetu. Tena bei haiweki yeye. Plastiki mpya hutokana na mafuta ya petroli. Mafuta yakiwa rahisi duniani, viwanda hupenda plastiki mpya, na dalali hushusha bei ya ile kuukuu. Mwenye mizani husema, mwenye gunia hunyamaza.

Sheria ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Ni sheria njema. Lakini nauliza: chupa safi zikitoka mlangoni kwetu, nani atazichukua? Zikichukuliwa zote na kampuni yenye malori, ndugu wa Dandora ataachiwa uozo mtupu, na sheria njema itakuwa imemnyima chakula.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. Kwanza, kila nyumba iweke ndoo mbili, na vitu vikavu apewe mchambuzi mwenyewe. Huyo ni mfanyakazi, tusimwite chokoraa. Pili, wachambuzi waungane, wanunue mizani yao na kuuza pamoja, na chama chetu kiwasaidie kudai nafasi katika mikataba ya Kaunti.

Gunia moja hubembeleza dalali; magunia mia dalali huyafuata.

Mwasemaje, ndugu? Leteni maoni yenu mkutanoni.

Mwanachama wa Jericho